UKIKOSEA HATI YA MADAI, IREKEBISHE MAPEMA



Tunaanza kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja, mkata miwa, alifika katika ofisi ya tawi akiwa na nakala ya hati ya madai aliyoiandika mwenyewe. Trela la miwa lilikuwa limemgonga mguu shambani, naye akafungua shauri dhidi ya mwajiri bila wakili, kwani fedha za wakili hakuwa nazo. Alituuliza hivi: "Humu sikuandika fedha za hospitali wala nauli za kwenda kutibiwa. Je, naweza kuziongeza?" Sisi tukamjibu, tena kwa uhakika, kwamba shauri likishafunguliwa halibadiliki, na kwamba risiti zake atazitoa siku ya kutoa ushahidi.

Siku hiyo ilifika. Alipozitoa risiti, wakili wa kampuni alisimama akasema fedha hizo hazimo katika hati ya madai. Hakimu akaitazama hati, akakubaliana na wakili. Mwenzetu alipata fidia kwa ajili ya maumivu, lakini zile fedha alizozitumia, zaidi ya shilingi milioni moja, nyingine zikiwa za kukopa kwa majirani, hakurudishiwa hata senti. Hakuna aliyesema kwamba mtu huyu ni mwongo. Alikosa haki yake kwa ajili ya karatasi, na kwa ajili ya jibu letu.

Tangu hapo tuliona ni aibu kwa chama cha wafanyakazi kutoa jibu bila kuuliza. Tukawauliza makarani wa mahakama na mawakili wa msaada wa sheria, tukazisoma na kanuni zenyewe. Katika ukurasa huu twaeleza yale tuliyojifunza juu ya namna ya kuirekebisha hati ya madai mtu anapojisimamia mwenyewe katika mahakama za hapa Uganda.

SHAURI LIPI TUNALOLIZUNGUMZIA

Kwanza tutenganishe mambo. Ukifukuzwa kazi bila haki, malalamiko yako huanzia kwa afisa wa kazi, nawe hutakiwa kuyapeleka ndani ya miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa. Kutoka huko jambo laweza kufika katika Mahakama ya Viwanda. Njia hiyo ina taratibu zake, nasi hatuielezi leo.

Tunalolieleza leo ni shauri la madai katika mahakama ya kawaida: mfanyakazi aliyeumia kwa uzembe wa mwajiri, mtu aliyeharibiwa mali yake, mtu asiyelipwa deni lake. Katika mashauri haya sheria inampa kila mtu haki ya kusimama mwenyewe. Kanuni za Mashauri ya Madai, Amri ya 3, zasema mtu aweza kufika na kutenda mahakamani yeye mwenyewe, au kwa wakala anayetambuliwa, au kwa wakili. Basi asikutishe mtu kwamba bila wakili huruhusiwi kuingia. Utaingia. Ila ukishaingia utapimwa kwa kanuni zile zile anazopimwa wakili wa kampuni.

KWA NINI HATI INATUFUNGA

Hati ya madai ndiyo karatasi inayofungua shauri. Amri ya 7 yataka iwe na jina la mahakama, jina la mdai na mahali anapokaa, jina la mdaiwa, mambo yaliyotendeka na lini yalitendeka, sababu ya mahakama hiyo kuwa na uwezo wa kulisikiliza shauri, kiasi cha madai, na nafuu unayoomba.

Wengi wetu huidhania hati hii kuwa kama barua ya kuomba kuonana na mkubwa: ukishakaribishwa ndani utaeleza yote kwa mdomo. Sivyo. Mahakama huamua yale yaliyoandikwa. Mahakama Kuu Zaidi ya Uganda ililisema jambo hili wazi katika rufaa namba 33 ya 1992, kati ya Interfreight Forwarders na East African Development Bank. Ilisema kwamba kila upande hufungwa na yale uliyoyadai katika hati zake, na kwamba hautaruhusiwa kushinda kwa jambo ambalo haukulitaja, isipokuwa uwe umeirekebisha hati.

Yashike maneno hayo ya mwisho, "isipokuwa uwe umeirekebisha hati." Ndiyo mlango tuliomfungia yule mkata miwa bila kujua.

Hasa jihadhari na fedha. Fidia ni za aina mbili. Iko fidia ya jumla, yaani malipo ya maumivu na taabu, ambayo kiasi chake hakimu hukipima mwenyewe. Na iko fidia maalumu, yaani fedha hasa zilizokutoka mfukoni: hospitali, dawa, nauli, mshahara uliopotea. Hii ya pili haitolewi mpaka iandikwe katika hati, kiasi kwa kiasi, kisha ithibitishwe. Risiti bila kuandikwa haifai kitu, na kuandikwa bila risiti ni vigumu kufaa.

NAFASI MOJA ISIYOHITAJI RUHUSA

Sasa tuje kwenye dawa. Amri ya 6, kanuni ya 20, yampa mdai haki ya kuirekebisha hati yake mara moja bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Lakini siku zake zimehesabiwa:

Kwanza, ni ndani ya siku 21 tangu mahakama ilipoitoa samansi ya kumwita mdaiwa.

Pili, ikiwa mdaiwa amekwisha kuwasilisha hati yake ya utetezi, ni ndani ya siku 14 tangu utetezi huo ulipowasilishwa mahakamani. Wadaiwa wakiwa wengi, siku huhesabiwa tangu utetezi wa mwisho.

Hapa pana mtego, nasi twaomba kila msomaji aukumbuke. Siku 14 hazianzi siku ile utetezi ulipokufikia mkononi. Zinaanza siku ulipowasilishwa mahakamani. Kampuni yaweza kuwasilisha utetezi Jumatatu, nakala ikakufikia juma la pili yake, nawe ukaanza kuhesabu upya huku zimekwisha kubaki siku tano. Basi ukipokea utetezi, usitazame kwanza maneno makali yaliyoandikwa ndani. Tazama mhuri wa mahakama na tarehe yake. Halafu chukua kalamu uhesabu.

Kanuni zinatoa nafuu moja: tangu tarehe 24 Desemba mpaka tarehe 15 Januari siku hazihesabiwi katika muda unaowekwa na kanuni hizi, isipokuwa mahakama iamuru vinginevyo. Lakini nafuu hiyo haigusi ule muda wa kufungua shauri unaowekwa na sheria ya ukomo, ambao tutaueleza mbele. Mtu asije akapumzika Krismasi akidhani sheria zote zimepumzika naye.

Kumbuka pia kwamba nafasi hii ni moja tu. Usiitumie kusahihisha neno moja leo, kesho ukagundua umesahau kuandika mshahara wa miezi minne. Kaa chini, soma hati yote, mpe na mwenzako aisome, kisha urekebishe yote kwa pamoja. Na ujue kwamba mdaiwa naye ana haki ya kuiomba mahakama iyakatae marekebisho yako akiona yanamdhulumu.

MFANO WA MWENZETU WA KIWANDA CHA CHAI

Mwenzetu mwingine alikatwa vidole viwili na mashine ya kusagia majani ya chai. Hati yake ya kwanza ilikuwa hivi, tukiifupisha: "Nimefanya kazi katika kiwanda hiki miaka kumi na mmoja. Niliumia mkono kwa mashine. Meneja hakunijali. Naomba mahakama inisaidie."

Kila neno lilikuwa kweli. Lakini wakili wa kampuni alijibu kwamba hati hiyo haionyeshi sababu ya madai, akaomba itupwe. Wala hakuwa akibabaisha, kwani Amri ya 7, kanuni ya 11, yaamuru hati isiyoonyesha sababu ya madai ikataliwe. Mtu kuumia kiwandani peke yake si sababu. Sharti uonyeshe mwajiri alifanya nini, au aliacha kufanya nini, hata ukaumia.

Safari hii hatukujibu kwa kubahatisha. Tulitazama mhuri: utetezi ulikuwa na siku tisa. Tukakaa naye jioni mbili, tukimwuliza maswali kama mtoto aulizavyo. Ilikuwa tarehe gani? Saa ngapi? Nani alikutuma? Mashine ina kinga? Ilikuwapo siku hiyo? Ilitolewa lini? Nani alijua? Ndipo likatoka jambo ambalo hakuliandika kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kila siku: kinga ya mashine ilikuwa imeondolewa juma zima, na wafanyakazi walikuwa wamemwarifu msimamizi.

Hati iliyorekebishwa ikawa na aya zenye namba, moja moja kwa jambo moja:

"3. Tarehe iliyotajwa, saa tatu usiku, mdai alikuwa zamuni katika mashine ya kusagia majani, kwa amri ya msimamizi wake.

4. Kinga ya mashine hiyo ilikuwa imeondolewa tangu juma lililotangulia, na msimamizi alikwisha kuarifiwa.

5. Mdaiwa alizembea kwa kuiacha mashine ifanye kazi bila kinga, na kwa kutoisimamisha baada ya kuarifiwa.

6. Kwa sababu ya uzembe huo mdai alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia.

7. Mdai ametumia fedha zifuatazo..." Hapo zikafuata hospitali, dawa na nauli, kila moja kwa kiasi chake na jumla mwishoni.

Kisha yakaja maombi: fidia maalumu kwa kiasi hicho, fidia ya jumla, na gharama za shauri.

Iliwasilishwa siku ya kumi na tatu. Hoja ya kuitupa hati ikafa, na shauri likasikilizwa kwa mashahidi, wenzake wa zamu wakiwemo. Haikuwa rahisi, wala haikwisha upesi. Lakini alipofika mbele ya hakimu kila alilolisema lilikuwa limekwisha kuandikwa, na wakili hakupata pa kusimama na kusema "hayamo."

JIHADHARI NA TAFSIRI

Lugha ya mahakama zote za Uganda ni Kiingereza, na hati huandikwa kwa Kiingereza. Wengi wetu hufikiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kisha tunamtafuta kijana aliyesoma atuandikie. Hapo makosa huingia kimya kimya. Sisi tukisema "mkono" twaweza kuwa na maana ya vidole, kiganja, au mkono wote mpaka begani. Kiingereza kinavitenganisha. Yule mwenzetu wa chai, hati yake ya kwanza ilisema kwa Kiingereza kwamba ameumia mkono mzima, na cheti cha daktari kikasema vidole viwili. Wakili angeliona hilo angemwita mwongo mbele ya watu.

Basi fanya hivi. Andika kwanza kwa lugha unayoiweza. Ikishatafsiriwa, mwombe mtu mwingine, si yule aliyetafsiri, akurudishie kwa Kiswahili neno kwa neno. Ukisikia jambo ambalo hukulisema, ndilo la kurekebisha.

SIKU ZIKIPITA

Siku 21 au 14 zikiisha mlango haufungwi kabisa, ila sasa una bawabu. Kanuni ya 19 ya Amri hiyo ya 6 yasema mahakama yaweza wakati wowote wa shauri kumruhusu mtu kurekebisha hati yake, ili swali la kweli lililo kati ya pande mbili lipate kuamuliwa.

Huombwi kupiga magoti. Unatakiwa kupeleka maombi ya kusikilizwa katika chemba, pamoja na hati ya kiapo inayoeleza ni nini unachotaka kubadilisha, kwa nini hukukiandika mwanzoni, na kwa nini kinahitajika. Kiapo huapwa mbele ya kamishna wa viapo. Ambatisha na hati ya madai kama utakavyoirekebisha, hakimu aione kwa macho yake.

Mahakama hutazama nini? Tangu mwaka 1958 mahakama za Afrika Mashariki zimefuata kesi ya Eastern Bakery dhidi ya Castelino, iliyotoka hapa Uganda. Ilisema kwamba marekebisho yanayoombwa kabla ya kusikilizwa shauri yaruhusiwe bila choyo, ikiwa hayatamdhulumu mwenzako, na kwamba hakuna dhuluma ikiwa hasara yake yaweza kulipwa kwa gharama. Baadaye Mahakama Kuu Zaidi, katika rufaa namba 4 ya 1994 ya Gaso Transport, ilipanga mambo manne ambayo tunayaweka kwa maneno yetu:

1. Marekebisho yasimdhulumu mwenzako.
2. Yafaa yaruhusiwe yakizuia kesi nyingi juu ya jambo moja.
3. Yasiletwe kwa nia mbaya.
4. Yasiruhusiwe ikiwa sheria inayakataza, kwa mfano kwa sababu muda umepita.

Basi ukiomba, jibu hayo manne. Sema kwamba shauri halijaanza kusikilizwa. Sema kwamba tukio ni lile lile. Sema kweli kwa nini ulichelewa. Hakimu akikuruhusu aweza kukuamuru umlipe mwenzako gharama za siku hiyo, nawe uwe tayari. Na akikupa siku za kuwasilisha hati mpya, zishike, maana ruhusa isiyotumiwa kwa wakati hufa.

Kadiri unavyochelewa ndivyo bawabu anavyozidi kuwa mkali. Kabla ya kikao cha kupanga shauri ni rahisi. Mashahidi wakianza kusemeshwa ni vigumu, kwani mwenzako atasema amekwisha kujiandaa kwa jambo jingine. Baada ya mashahidi wote ni vigumu zaidi.

MAMBO YA KUANGALIA SANA

Muda wa sheria. Madai ya kuumizwa mwili kwa uzembe yana muda wa miaka 3 tangu kuumia. Mikataba na madeni ya kawaida yana miaka 6. Ukidai serikali muda ni mfupi zaidi. Ukifungua shauri la mshahara tu, kisha baada ya miaka mitatu ukataka kuingiza kuumia kwako kwa njia ya marekebisho, utaambiwa kwamba dai hilo limekwisha kufa, na marekebisho hayafufui wafu. Marekebisho ni kwa dai lililo hai.

Jina la mdaiwa. Kosa la kuandika jina, kama herufi kuachwa, hurekebishika. Lakini kumtaja mtu asiyekuwepo kisheria ni msiba. Jina lililopakwa rangi langoni huenda si jina la kampuni iliyosajiliwa. Kabla ya kuandika nenda katika Ofisi ya Usajili ya Uganda ukaulize. Na ukitaka kumwongeza mdaiwa mwingine au kumbadilisha, ile nafasi ya bure haikufikishi. Hapo unahitaji amri ya mahakama chini ya Amri ya 1.

Kiasi cha madai. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2007 ilimwekea Hakimu wa Daraja la Kwanza kikomo cha shilingi milioni 20, na Hakimu Mkuu milioni 50. Ukiongeza fidia hata ukapita kikomo cha mahakama uliyomo, umejitoa mwenyewe nje. Muulize karani kikomo kilichopo kabla ya kuongeza. Muulize pia kama utalipa ada zaidi kwa kiasi kilichoongezeka. Asiye na uwezo wa kulipa ada aweza kuomba kufungua shauri kama mtu fukara, chini ya Amri ya 33. Si aibu. Ni sheria.

Ukweli. Hati ya kwanza haichomwi moto. Hubaki katika jalada. Ikiwa kwanza ulisema umeumia asubuhi na sasa wasema usiku, utaulizwa. Marekebisho ni ya kuongeza yaliyosahauliwa na kunyosha yaliyopinda. Si ya kutunga. Mfanyakazi anayetunga huwaharibia wenzake kumi watakaofuata.

Hati ikikataliwa. Usikate tamaa ukadhani yamekwisha. Amri ya 7 yasema kukataliwa kwa hati peke yake hakukuzuii kuleta hati mpya juu ya jambo lile lile. Lakini saa ya ukomo haikungoji. Fanya upesi.

KAZI YA KARATASI

Hati mpya hubeba namba ile ile ya shauri na jina "Hati ya Madai Iliyorekebishwa." Iandike yote tangu mwanzo mpaka mwisho, usilete kipande cha nyongeza. Itie sahihi na tarehe. Iwasilishe, igongwe mhuri, na mdaiwa apewe nakala. Tunza ushahidi kwamba alipewa. Tangu mwaka 2022 mahakama zimeanza kupokea hati kwa kompyuta, na utaratibu huo umekuwa ukienea. Muulize karani mahakama yako imo au haimo. Usisafiri maili arobaini na bahasha ukaambiwa urudi.

Karani atakueleza utaratibu, lakini si kazi yake kukushauri uandike nini. Na sisi wa chama si mawakili, hatuwezi kusema mahali pako mbele ya hakimu. Twaweza kukaa nawe, kukuuliza maswali, kuhesabu siku, na kukuelekeza kwenye msaada wa sheria.

MAJIRANI ZETU

Wasomaji wengi wa kurasa hizi za Kiswahili wamefanya kazi pande mbili za mpaka, basi tuseme machache juu ya jirani.

Kenya, chini ya kanuni za 2010, Amri ya 8, mtu huruhusiwa kurekebisha mara moja bila ruhusa kabla hati za pande zote hazijafungwa. Wenzetu hao wana desturi nzuri iliyoandikwa katika kanuni: maneno yanayoondolewa hukatwa kwa wino mwekundu lakini yabaki yakisomeka, na yanayoongezwa hupigiwa mstari mwekundu chini yake. Ukirekebisha tena, rangi nyingine hutumika. Hakimu hutazama mara moja akajua kilichobadilika. Kwa upande wa lugha, mahakama zao za chini huruhusu Kiingereza au Kiswahili.

Tanzania, Amri ya VI, kanuni ya 17, yasema mahakama yaweza kumruhusu mtu kurekebisha katika hatua yoyote, kwa masharti ya haki. Huko ni kuomba. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama, jambo ambalo mfanyakazi wa kawaida analielewa thamani yake bila kuelezwa.

Kanuni hutofautiana, lakini roho yake ni moja: mahakama zinajua kwamba binadamu hukosea, nazo zimeweka njia ya kunyosha kosa. Zinachokikataa ni kosa kufichwa, au kuletwa saa ya mwisho ili kumvizia mwenzako.

MWISHO

Yule mkata miwa bado ni mwanachama wetu. Anatembea kwa kuchechemea, na kila mkutano wa tawi hukaa mstari wa mbele. Tulipomweleza yale tuliyojifunza, kwamba siku ile alipotuuliza alikuwa amebakiwa na siku sita, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi waambieni wengine."

Ndiyo tunawaambia. Ukiwa na shauri mahakamani na huna wakili, usingoje siku ya kusikilizwa. Leta tawini nakala ya hati yako, nakala ya utetezi yenye mhuri, na risiti zote hata zilizokunjamana. Njoo hata kama huoni kosa. Tutahesabu siku pamoja kabla hazijaisha.